Tunajenga madrasa au tanuri?



Ndugu zangu Waislamu, leo naomba nianze kwa kukiri kosa. Ni kosa la kunyoosha mkono.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi ya madrasa moja hapa Dar es Salaam. Sitaitaja jina, kwani lengo la makala hii si kumfedhehesha mtu, na kama ipo fedheha basi ya kwanza ni yangu. Allah alitujaalia tukampata mfadhili, Muislamu mwenye moyo, akatoa fedha za vyumba vinne vya kusomea na ofisi ya mudiri. Mezani tulikuwa na ramani mbili. Ya kwanza ilichorwa bure na binti wa mtaani kwetu aliyesomea usanifu wa majengo chuo kikuu, na ambaye alihitimu juzuu zake katika madrasa hiyo hiyo. Ramani yake ilikuwa na paa la juu lenye mteremko, lililotokeza nje ya kuta kiasi cha kufanya kibaraza pande mbili. Ilikuwa na madirisha mapana yanayotazamana, kaskazini na kusini, na safu ya matofali ya matundu juu ya lenta ili hewa ya moto ipate pa kutokea.

Ramani ya pili ililetwa na fundi. Paa lake ni la kuficha, kama mtindo wa nyumba za siku hizi. Madirisha yake ni vioo vya kuteleza vya aluminiamu, na yote yanatazama barabara, yaani upande wa magharibi, ili mpita njia aone jengo linavyong'aa.

Mzee wetu mmoja akasema ile ya binti ni banda la kuku, hii nyingine ndiyo yenye hadhi ya Uislamu. Tukacheka. Ilipoitishwa kura, mkono wangu ulikuwa miongoni mwa mikono ya mwanzo. Binti akakusanya karatasi zake kwa adabu, akasema maneno ambayo mpaka leo yananitia uzito kifuani: "Sawa, baba zangu. Ila hewa mtakuja kuinunua."

Jengo lilifunguliwa kwa maulidi na pilau. Ulipofika mwezi wa Januari, kijana wa miaka minane aliyekuwa akisoma Juzuu Amma alianguka darasani saa tisa alasiri. Nilimbeba mimi mwenyewe hadi chini ya mwembe, tukampepea kwa jalada la daftari. Alhamdulillah alizinduka. Mfadhili aliposikia akatuletea viyoyozi viwili. Mwezi wa kwanza, umeme wa LUKU ulikula fedha nyingi kuliko posho za maustadhi wawili. Tukavizima. Sasa vinawashwa anapokuja mgeni. Watoto wa alasiri wanasoma chini ya mwembe, na jengo la mamilioni limekaa tupu nyuma yao.

Baada ya tukio lile nilianza kusoma: kwanza vitabu vyetu vya dini, kisha tafiti za wataalamu wa majengo. Nimeona nisikae na niliyoyapata peke yangu.

Nyumba katika Qur'an

Katika Suratun Nahl, aya ya 80, Allah (s.w.) anatukumbusha kwamba Yeye ndiye aliyezifanya nyumba zetu ziwe mahali pa utulivu. Neno lililotumika hapo ni "sakan", na kutoka mzizi huo huo Waswahili tumepata neno letu "maskani". Aya inayofuata, ya 81, inataja vivuli miongoni mwa neema za Allah, na inataja mavazi ya kutukinga na joto. Tuzingatie hapa: joto limetajwa kwa jina lake ndani ya Kitabu, na kivuli kimehesabiwa kuwa neema. Basi nyumba isiyompa mtu utulivu, anayoikimbia mchana na kukosa usingizi ndani yake usiku, ina kuta na bati lakini bado haijawa maskani.

Sheria nayo haikulipuuza joto. Katika hadithi sahihi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), Mtume (s.a.w.) ameelekeza kwamba joto likizidi sana swala ya adhuhuri icheleweshwe mpaka kupoe. Swala, ambayo ni nguzo ya dini, imesogezwa ndani ya wakati wake kwa ajili ya kuwahurumia waja. Je, sisi tumepata wapi ujasiri wa kumweka mtoto wa miaka minane ndani ya kioo kinachotazama jua la alasiri, kisha tukamwambia ahifadhi?

Tuuangalie pia msikiti wa Mtume (s.a.w.) pale Madina. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba uliujengwa kwa matofali ya udongo, nguzo zake ni magogo ya mitende na paa lake ni makuti ya mtende. Umar bin Khattab (r.a.) alipoupanua wakati wa ukhalifa wake alifuata vifaa vile vile, na imepokewa kwamba alimwagiza mjenzi awakinge watu na mvua, na ajihadhari na kupaka rangi nyekundu au ya njano zisije zikawashughulisha watu katika ibada. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya kwanza ya Khalifa: jengo linamkinga nani, na linamkinga na nini. Sisi katika kamati yetu hoja ya kwanza ilikuwa: litaonekanaje kutoka barabarani?

Nani asome aya ya 128 na ya 129 za Suratush Shu'araa asihofu? Humo Nabii Hud (a.s.) anawakemea kina Adi kwa kujenga alama kila mahali palipoinuka kwa upuuzi tu, na kufanya majumba makubwa kana kwamba wataishi milele. Mimi niliisomesha aya hiyo mara nyingi kabla ya kunyoosha mkono wangu.

Wataalamu wamepima

Huenda msomaji akasema haya ni maneno ya ustadhi, mambo ya ujenzi tuwaachie mainjinia. Vyema, tuwasikilize.

Yupo msanifu wa Kimisri aliyeitwa Hassan Fathy, aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki mwaka 1989. Maisha yake aliyatumia kutafuta namna ya kumjengea masikini nyumba nzuri kwa udongo wa pale pale alipo. Mwaka 1964, katika kituo cha utafiti wa majengo mjini Cairo, vilijengwa vyumba vya majaribio kwa vifaa tofauti na joto la ndani likapimwa. Siku moja ya mwezi Machi, chumba cha matofali ya udongo kilikaa kati ya nyuzi joto 21 na 23 saa zote 24. Chumba cha zege lililotengenezwa kiwandani kilifika nyuzi 36. Nje kwenyewe joto lilikuwa pungufu kwa nyuzi 9 kuliko ndani ya zege hilo! Mtu aliyekimbilia ndani ya chumba kile kutafuta nafuu angekuta jua alilolikimbia linamsubiri humo, tena limeongezeka.

Lakini elimu haitaki kunakili kwa upofu. Cairo ni nchi kavu, mchana moto na usiku baridi. Ukuta mnene wa udongo hulichelewesha joto la mchana mpaka usiku ufike. Pwani yetu ni ya unyevu, na usiku wa Januari haupoi kiasi hicho. Kinachotuokoa sisi ni kivuli na upepo. Fathy mwenyewe alionja uchungu wa kuwajengea watu bila kuafikiana nao. Kijiji cha Gourna Mpya karibu na Luxor, alichoanza kukijenga mwaka 1945, kilisifiwa duniani kote, lakini wengi wa wale waliojengewa walikataa kuhamia. Walikuwa na sababu zao, mojawapo ikiwa riziki waliyoipata pale walipokuwa wakiishi.

Kwa upande wetu, mwaka 2014 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yapo Nairobi, lilitoa kitabu cha usanifu wa majengo ya nchi za joto kwa ajili ya Afrika Mashariki. Mafunzo yake kwa ukanda wa pwani hayana maajabu. Jengo liwe refu kutoka mashariki kwenda magharibi, ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Sababu ni kwamba kwetu jua la mchana hupita juu sana, na paa lililotokeza kidogo linatosha kulizuia. Jua la asubuhi na la alasiri ndilo linaloingia chini chini na kuchoma chumba mpaka ukuta wa pili. Madirisha yatazamane ili upepo uingie huku utokee kule. Paa liwe na nafasi ya kupumua.

Ndugu yangu, babu zetu hawakusubiri mwaka 2014. Nani hakulelewa katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, mlango wa mbele ukitazamana na wa uani, na baraza yenye kivuli mbele? Kaskazi ikivuma, ukumbi ulikuwa mfereji wa upepo. Kusi ikivuma, vivyo hivyo. Bibi alitandika mkeka pale akalala adhuhuri bila feni. Tulipopata fedha tukaiita nyumba ile ya kimasikini, tukafunga ukumbi, tukakata baraza, tukaficha paa, kisha tukaenda dukani kununua kiyoyozi.

Yapo pia majibu kwa wale wanaosema, na wana haki kusema, kwamba hawawezi kufungua madirisha kwa sababu ya mbu na wezi. Katika kijiji cha Magoda mkoani Tanga watafiti walijenga nyumba za mfano zenye kuta zinazopitisha hewa na nyavu za kuzuia mbu, baadhi zikiwa za ghorofa moja juu. Matokeo yalionyesha kwamba zile za ghorofa zilikuwa na joto dogo kuliko nyumba za kawaida na mbu wachache mno. Kisha mkoani Mtwara zikajengwa nyumba 110 za namna hiyo, vyumba vya kulala vikiwa juu, na familia za kuishi humo zikapatikana kwa kura, ili ipimwe kama nyumba yenyewe inaweza kuwapunguzia watoto malaria, kuhara na maradhi ya kifua. Tafakari hilo: nyumba inapimwa kama dawa inavyopimwa.

Umeme upo, kwa nini tubane?

Ndugu mmoja katika kamati aliniambia: "Ustadhi, enzi za mgao zimepita. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme Februari 2024, lina uwezo wa megawati 2,115. Washa viyoyozi, mto Rufiji haukauki."

Nilimshukuru kwa kuutaja mto. Ipo hadithi iliyopokewa na Ibn Majah kwamba Mtume (s.a.w.) alimpitia Sa'd (r.a.) akitawadha, akamkataza israfu. Sa'd akauliza kama hata katika udhu kuna israfu, naye akamjibu kuwa ipo, hata kama yuko kwenye mto unaotiririka. Baadhi ya wanavyuoni wa hadithi wameisema sanad yake kuwa ina udhaifu, na ni amana kulitaja hilo. Lakini maana yake inaungwa mkono na aya ya 31 ya Suratul A'raf, inayoruhusu kula na kunywa na kukataza israfu, na inaungwa mkono na hadithi sahihi ya Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu ya maji, kiasi cha viganja viwili vilivyojaa.

Wingi wa kitu hauhalalishi kukifuja. Shirika la Kimataifa la Nishati, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilieleza kwamba viyoyozi na feni vinatumia takriban sehemu moja ya kumi ya umeme wote wa dunia. Sisemi kiyoyozi ni haramu, la hasha. Mgonjwa anakihitaji, mzee anakihitaji, chumba cha upasuaji kinakihitaji. Ninachokisema ni kwamba kuligeuza jengo tanuri kwa mikono yetu, kisha tukatumia sadaka za Waislamu kulipoza kila siku mpaka Kiyama, hiyo ni israfu. Kila tokeni ya LUKU inayopotea kwenye kioo cha magharibi ni posho ya ustadhi ambayo haikulipwa, ni msahafu ambao haukununuliwa. Na mfadhili aliyetaka sadaka inayoendelea, tumemwendeleza nini ikiwa watoto hawawezi kukaa ndani?

Upepo wa jirani na chumba cha mpangaji

Jambo hili haliishii kwenye madrasa. Miongoni mwa riwaya zinazotaja haki za jirani, ipo inayosema usimnyanyulie jengo ukamzuilia upepo ila kwa idhini yake. Nayo pia sanad yake ni dhaifu, na mafakihi wametofautiana ni kwa kiasi gani mtu anaweza kuzuiwa kujenga juu ndani ya kiwanja chake. Lakini kanuni ya kwamba pasiwe na kudhuru wala kudhuriana haina mzozo. Tembea Manzese, Buguruni au Mbagala uone ukuta unavyomgusa jirani, dirisha la mtu likifungukia kwenye tofali la mwenziwe. Tumeuziana viwanja, na upepo wa Allah tumewanyang'anya wenzetu bila bei.

Na wewe ndugu yangu uliyejaaliwa nyumba ya kupangisha: umejenga vyumba sita mgongo kwa mgongo, kila kimoja kina kidirisha kama cha stoo, bati liko kichwani bila dari. Wewe unapokea kodi ya miezi sita. Mpangaji analipa mara mbili, kwako kodi na kwa TANESCO feni isiyozimika. Mkewe ana mimba, anachota hewa kwa kipepeo usiku kucha. Unadhani hilo halitaulizwa?

Tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kuchimba msingi, tusimame kiwanjani na fundi saa nne asubuhi na saa kumi jioni, tuangalie jua linapiga wapi na upepo unatoka wapi. Hilo halina gharama. Dirisha likielekezwa kusini badala ya magharibi halidai mfuko hata mmoja wa saruji zaidi.

Pili, kamati za misikiti na madrasa ziwaulize wenye elimu, na ziwasikilize hata wakiwa vijana, hata wakiwa mabinti. Suratun Nahl hiyo hiyo, aya ya 43, inatuamrisha tuwaulize wenye kujua ikiwa sisi hatujui. Hapa nchini ipo pia taasisi ya serikali inayotafiti nyumba bora na vifaa vya ujenzi, na imekuwa ikifundisha matofali ya udongo na saruji ya kufungamana, yanayopunguza matumizi ya saruji. Milango yake ibishwe.

Tatu, wafadhili waache kuuliza jengo litapendezaje kwenye picha. Waulize: saa tisa alasiri ya Januari, umeme ukiwa umekatika, mtoto ataweza kukaa humu?

Nne, majengo yaliyokwisha kukosewa yasiachwe. Sisi tumeanza. Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kwa yule binti kumwomba radhi, nikamkuta baba yake barazani. Hakunisimanga. Binti alikuja na kalamu, akatuonyesha pa kutoboa upande wa kaskazini na kusini, pa kuweka matofali ya matundu, na namna ya kuongeza kipaa cha kivuli kwenye vile vioo. Tumetoboa chumba kimoja mpaka sasa, kwani fedha ndiyo hiyo. Wiki hii darasa la Juzuu Amma limerudi ndani. Vyumba vitatu bado, na ndani ya kamati wapo wanaonung'unika kwamba tunaharibu sura ya jengo. Naandika haya wao wakiwa wananisoma.

Ndugu zangu, siku ya Kiyama hatutaulizwa kama jengo letu lilikuwa na paa la kuficha. Tutaulizwa juu ya mali, tuliipata wapi na tuliitumia katika nini, na kila mchungaji ataulizwa juu ya alichokichunga. Yule kijana niliyembeba chini ya mwembe alikuwa amana yangu.

Tunamuomba Allah (s.w.) atusamehe tuliyoyakosea kwa kutojua na tuliyoyakosea kwa kujionyesha, azijaalie nyumba zetu ziwe maskani ya kweli, na awape wafadhili wetu ujira wa sadaka inayoendelea. Aamin.

Wabillahi tawfiq.